Ndege ya Bwana Hafidh: Pamba ya Saba

Msomaji wangu, kama ndio kwanza umeketi na chai yako, iweke pembeni. Ya leo yananuka.

Wiki iliyopita tulimwacha Zulekha amelala chali chini ya bawa la kulia la ndege ya Bwana Hafidh Kificho, bisibisi mkononi. Alichokonoa kidonge cheusi kilichoziba tundu dogo, kidonge kikachomoka, na kitu kizito chenye wekundu kikamwagika usoni mwake. Mdogo wake Jabir, aliyesimama kando, akapiga ukelele: "Damu!"

Wengi mmeniandikia. Msomaji wa Mkoani ameapa kwamba ndani ya bawa mna maiti. Mwengine, wa Wete, anasema ni jini. Hakuna aliyepatia.

Haikuwa damu. Heri ingekuwa damu.

Yalikuwa maji ya mvua ya masika nzima, yamelala ndani ya bawa tangu mwezi wa tatu, yakachanganyika na kutu ya skrubu na mafuta yenye uvundo. Baada ya maji akaja panya. Baada ya panya ukaja mkia wa panya mwengine, peke yake.

Zulekha alijiviringisha, akapiga magoti kwenye saruji ya banda, akatapika.

"Pole, Dada," Jabir alisema. Lakini alisema huku akirudi nyuma.

Kwa aliyetukuta njiani: Bwana Hafidh, mfanyabiashara wa Wete, alinunua ndege kuukuu ya injini moja na viti vinne kutoka bara kwa kutazama picha kwenye simu. Aliuliza rangi kabla ya kuuliza injini. Anataka bintiye Asya ashuke nayo Unguja leo hii Alhamisi, kesho aolewe, na mji mzima uone. Rubani ni Jabir, ambaye hajarusha chochote kwa miaka miwili. Na ndege hairuhusiwi kuondoka pale kwenye uwanja wa ndege wa Wawi mpaka fundi mwenye leseni aikague na kutia sahihi na muhuri kwenye kitabu chake. Fundi huyo ni Zulekha.

Zulekha alijipangusa macho kwa kiwiko. Akanusa kiganja chake, akakunja uso upya.

"Harufu hii mie naijua," alisema. "Hii sifa."

Kama hukukulia Pemba, sifa ni mafuta ya ini la papa. Mafundi hupaka mbao za vyombo vya baharini zisiliwe na wadudu. Kazi yake huifanya vizuri sana, ila aliyejipaka leo hakaribishwi harusini kwa wiki mbili.

"Nani katia sifa ndani ya ndege?"

Bwana Hafidh aliingia bandani na kanzu yake nyeupe, leso puani. Hakuona haya hata kidogo.

"Aa, hiyo kazi ya Mzee Khatib," alisema. "Nlimwambia anihifadhie chombo na mvua, maana mie nlikuwa safarini."

"Mzee Khatib yupi? Yule fundi wa majahazi?"

"Huyo huyo. Wete nzima hapana mkono kama wake. Katia kalafati kila penye tundu, pamba safi ya kuzibia, kisha kapaka sifa juu. Nlipokuja kutizama, hapaingii hata tone."

"Haliingii, na liloingia kwa juu halitoki!" Zulekha alisimama, maji yakimchuruzika shingoni. "Bwana Hafidh, matundu yale yametobolewa kiwandani. Ndiyo njia ya maji kutokea. Mmeiziba ndege ikaoza matumbo!"

Bwana Hafidh alicheka kwa upole, kama anayemcheka mtoto.

"Mwanangu, mie n'mezaliwa Pemba. Chombo chenye matundu huzama."

Huyo, wasomaji, ndiye mwenye ndege.

Zulekha aliokota bisibisi yake. Alirudi chini na tochi. Akatoa kidonge cha pili na cha tatu kwenye bawa lile lile. Chini ya mkia akatoa viwili. Cha sita alikikuta ubavuni, kwenye kitundu kinachomwezesha rubani kujua yuko juu kiasi gani angani. Vyote ni pamba iliyoviringishwa kwa ustadi, imelowa sifa, imeshindiliwa kwa patasi. Alivitia kimoja kimoja ndani ya kopo tupu lililokuwa la misumari.

"Haya, umeshazitoa," Bwana Hafidh alisema. "Tia muhuri, bi harusi yuwaja."

"Sitii."

"Usiseme hivyo!"

"Nasema. Nataka wiki mbili. Nifungue mabawa yote, nioshe matangi, nitizame injini ndani. Imekaa miezi minne kwenye hewa ya chumvi bila kuzungushwa."

"Si ndiyo vizuri? Haikutumika, haikuchakaa."

"Ndege huoza kwa kukaa, Bwana Hafidh."

"Mbona jana Jabir kaiwasha ikawaka?"

"Dakika kumi, tena ikiwa chini! Dakika kumi hata jiko la mchina huwaka!"

Wakati huo huo harufu mpya ikaingia bandani. Zulekha aligeuka. Bi Shamima, somo wa bi harusi, yaani kungwi wake, alikuwa amepanda kidaraja cha ndege na kiwiliwili chake chote kimo ndani, kwenye viti. Mkononi ana chetezo, na makaa yake mekundu, anafukiza udi.

"Bi Shamima! Toa moto huo! Hayo mafuta ya ndege hayo!"

"Ati?" Bi Shamima alichomoa kichwa, moshi umemzunguka. "Nimeambiwa chombo chanuka, nkaja nkifukize. Au wataka mwali wangu ashuke Unguja mbele ya wakwe anuka papa?"

Zulekha alimrukia, akamnyang'anya chetezo, akatoka nacho mbio mpaka uwazi wa nje. Akakiweka kwenye mchanga, akafukia makaa. Nyuma yake alisikia Bi Shamima akilalamika kwamba mafundi wa kike hawana adabu.

Bwana Hafidh alimfuata nje. Alitoa leso nyengine mfukoni ajifute jasho, na pamoja na leso kikatoka kikaratasi, kikaanguka miguuni mwa Zulekha. Akakiokota.

Ilikuwa tiketi ya boti. Mkoani kwenda Unguja, leo, mtu mmoja. Jina: Hafidh Kificho.

Zulekha aliisoma mara mbili.

"Kumbe wewe hupandi?"

"Mie n'na presha," alijibu haraka, akaipokonya. "Daktari kan'kataza kwenda juu."

"Na mwanao je?"

"Asya ni kijana. Ana moyo mzima."

Wallahi nimeandika humu wezi, wachawi na waume wa aina zote, na sijawahi kupata kichefuchefu kama nilichopata nilipofika hapa. Panya wa kwenye bawa walikuwa na heshima zaidi. Wao angalau walikaa humo humo ndani.

"Hairuki," Zulekha alisema. Akamtemea mate karibu na kiatu, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele ya mtu mzima.

Jabir alimvuta dada yake nyuma ya banda.

"Da Zule, n'sikilize. Miaka miwili mie nabeba rangi na mabati. Rubani asiyeruka leseni yake hufa. Leo nkiruka mara moja tu, watu wakaniona, ntapata kazi pahala."

"Utapata kaburi."

"Pamba si umezitoa? Nini tena?"

"Sijafika hata nusu, Jabir. Nimezunguka upande mmoja tu."

"Wewe nawe! Wewe hata wali wala kwa kuhesabu punje."

Zulekha alimshika kidevu. Mama yao alifariki Jabir akiwa na miaka tisa, na tangu hapo yeye ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akampeleka skuli. Kidevu kile alikiosha yeye.

"Mdogo wangu, hairuki. Sema hairuki."

Jabir alitazama chini.

"Haya," alisema. "Hairuki."

Zulekha akamwamini.

Uvundo ulikuwa umeanza kumkaukia mwilini. Nzi walimjua tayari. Nyumba ya shangazi yake, Bi Mwatum, ilikuwa hatua chache tu nje ya ua wa uwanja, kwa hiyo aliamua kwenda kuoga upesi arudi kuandika ripoti. Lile kopo la pamba alilibeba, kwa sababu alijua Bwana Hafidh angelitupa, na hapo ushahidi umekwisha. Mkoba wake wenye kalamu, kitambulisho na muhuri alimwachia mdogo wake.

"Nitunzie," alisema. "Sitaki nao unuke."

Hapo ndipo ningependa kumzaba kofi, nami nampenda Zulekha kuliko wote humu. Vidonge vya pamba, ushahidi wa ujinga wa watu wengine, hakumwamini navyo mtu. Muhuri akauacha.

Bi Mwatum alimnusa kabla hajamwona.

"Usipite ukumbini! Pitia uani, pitia uani! Astaghfirullah, mwana wa kaka yangu, umeanguka chooni?"

Alimwogesha kwa ndoo tatu, sabuni ya kipande, jivu na ndimu sita. Baada ya ndoo ya tatu akamsogelea, akanusa nyuma ya sikio, akatikisa kichwa.

"Papa yungalimo, hajatoka," alisema. "Vaa kanga hizi, ukae hapo mlangoni, usiniguse kitu. Ntakupa chai."

Zulekha aliketi mlangoni na nywele zinamdondoka maji. Shangazi alimimina chai, akachukua kopo la maziwa mazito, akalitoboa tundu moja kwa ncha ya kisu, akaliinamisha juu ya kikombe. Hayakutoka. Akalitikisa. Yakatoka matone mawili, yakakoma.

"Kha! Nlisahau," alisema, akatoboa tundu la pili upande wa pili. Maziwa yakamiminika.

Zulekha aliganda akitazama maziwa.

Tangi la ndege nalo ni hivyo hivyo. Mafuta yanapotoka kwenda kwenye injini, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake, na hewa hupita kwenye kijibomba kidogo chini ya bawa. Kwenye ndege ile, matangi yote mawili hupumua kwa kijibomba kimoja. Kikizibwa, injini itawaka vizuri. Itanguruma, itapanda, itapaa. Kisha tangi litabana, mafuta yatakataa kushuka, na itazima.

Kijibomba hicho kiko kwenye bawa la kushoto. Alikuwa hajaligusa bawa la kushoto.

"Kunywa, mbona watoa macho?" shangazi aliuliza.

"Si kitu, Shangazi. Ntakitizama nikirudi. Ndege haiendi pahala."

Alipokuwa anainua kikombe, akasikia injini.

"Aipasha moto tu huyo," alijiambia kwa sauti. "Aipasha moto."

Lakini ngurumo haikukaa pahala pamoja. Ilisogea. Ikaenda mpaka mwisho wa uwanja, ikatulia kidogo, kisha ikapanda sauti kwa nguvu zote. Na juu ya ngurumo hiyo zikasikika vigelegele.

Kikombe kilivunjika. Zulekha alikuwa ameshatoka, kopo la pamba kwapani, kanga imeshikwa kwa meno.

Alifika langoni ndege ikiinua pua. Ikaacha ardhi mbele ya macho yake, nyeupe na mstari wa kijani, ikayumba kidogo, ikanyooka kuelekea kusini, baharini. Wanawake wa harusi walirusha asumini juu. Walichukua video kwa simu.

"Nifungulie!" Zulekha alimwambia askari wa lango.

Askari alimtazama toka nywele mpaka miguu isiyo na viatu. Kisha akabana pua.

"Kitambulisho?"

"Kimo mkobani! Mkoba uko ndani! Mie Zulekha, fundi, unanijua!"

"Zulekha n'namjua, huvaa ovaroli. Wewe nani, muuza papa?"

"Mwache huyo, mwanangu, ni fundi mwenzangu," ilisema sauti ya kizee.

Ni Mzee Khatib. Amekuja kutoka Wete na kofia mpya kuitazama kazi yake ikiruka. Uso wake ulikuwa umejaa furaha, na hilo ndilo lililomfanya Zulekha ashindwe kumtukana.

"Umeiona?" mzee aliuliza. "Yapaa! Wala haivuji!"

Zulekha alimwekea kopo mbele ya macho.

"Mzee Khatib, niambie haraka. Ulitia pamba ngapi?"

Mzee alichungulia ndani. Furaha ikapungua.

"Mbona umezitoa?"

"Ngapi, Mzee!"

"Saba."

Zulekha alizimimina kwenye kiganja. Sita. Alizihesabu tena kwa kidole, kana kwamba ya saba imejificha. Sita.

"Ya saba iko wapi?"

"Bawa la mkono wa kushoto," Mzee Khatib alisema. "Huko nlitia moja tu, maana pamba ilikuwa ishanshia. Nkasema hiki kidonge cha mwisho n'kitie penye kuvuja zaidi. Basi nkanusa nusa, nkaona pana kijibomba chini ya bawa, chanuka mafuta. Nkajua, ndicho kivujacho. Nkakishindilia hasa, mwanangu. Hicho hakitoki."

Zulekha alimsukuma askari kwa mikono miwili. Mimi nasema alimsukuma. Askari mwenyewe anasema aliachia njia kwa sababu ya harufu.

Alipanda ngazi za mnara wa kuongozea ndege mbili mbili. Ndani alikuwamo mwongoza ndege, Rahma, peke yake, kijana mtulivu mwenye visikilizio vikubwa vya redio kichwani. Mbele yake kilikuwa kitabu cha ndege, wazi, na kando yake mkoba wa Zulekha umeegeshwa vizuri.

"Ana dakika ngapi angani?"

"Tisa," Rahma alisema. "Kuna nini, Da Zule? Mbona uko hivyo?"

"Mwite arudi! Ile ndege haijakaguliwa!"

"Haijakaguliwa vipi? Si hii hapa sahihi yako?"

Zulekha aliitazama. Muhuri wake, wino bado mbichi. Na juu ya muhuri sahihi yake, yenye mkia mrefu unaorudi nyuma. Nzuri kabisa. Nzuri kuliko anavyoiweka yeye siku hizi.

Alimjua mwandishi papo hapo. Hakuwa Bwana Hafidh, mwoga yule, ambaye wakati huo alikuwa garini njiani kwenda Mkoani kuwahi boti yake. Ni mmoja tu duniani aliyejifunza kuiga sahihi ile. Alijifunza darasa la tano, kila alipofeli hesabu, kwenye karatasi za matokeo zilizotakiwa kutiwa sahihi na mzazi. Zulekha alijua tangu zamani. Alikuwa akicheka.

Sasa chuki ilimpanda. Alijichukia yeye mwenyewe aliyecheka. Na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alimchukia Jabir.

Kisha akanyakua kipaza sauti.

"Jabir! Jabir, ni mie. Geuza urudi sasa hivi. Tundu la hewa la matangi limezibwa. Bawa la kushoto. Ipo pamba ya saba, Jabir, yasikia?"

Redio ilikwaruza.

"Jabir!"

Rahma alikuwa amesimama. Visikilizio vya redio amevivua, kavishika kifuani.

Redio ikakwaruza tena, na sauti ya Jabir ikaja. Haikuwa sauti ya rubani. Ilikuwa ya yule mtoto wa miaka tisa.

"Dada," alisema. "Mie nlidhani umezitoa zote."

"Geuza, Jabir! Uko wapi? Waona nchi kavu?"

Redio yake ilibaki wazi. Ndipo Zulekha akagundua kitu ambacho kingemjia mapema kama asingekuwa anapiga kelele: nyuma ya sauti ya mdogo wake hapakuwa na ngurumo. Palikuwa na upepo tu, unapita.

Na katika upepo huo, kutoka kiti cha nyuma, sauti changamfu ya Asya ilisikika neno kwa neno, kwa kuwa hakuna tena injini ya kuizuia.

"Kaka Jabir, mbona kimya? Tushafika?"